Kugombea Udiwani kwa Mara ya Kwanza: Mwongozo kwa Mgombea Asiye na Jina Kubwa

Katika ngazi zote za uchaguzi, udiwani ndio kiti ambacho mgombea wake anaweza kuwafikia kwa miguu sehemu kubwa ya watu watakaopiga kura, kusimama mlangoni mwao na kusikia kwa masikio yake wanachokilalamikia. Mgombea urais hana uwezo huo, na mbunge anao kwa kiasi kidogo tu. Pamoja na hayo, wagombea wengi wa mara ya kwanza huiga kampeni za wakubwa: hutanguliza mabango, muziki na mikutano ya hadhara, kisha hushangaa kura zinapohesabiwa. Mwongozo huu unafuata njia nyingine, ambayo huanza na hesabu na kumalizikia mlangoni. Sheria za uchaguzi hutofautiana kutoka nchi moja hadi nyingine, kwa hiyo kila hatua iliyoelezwa hapa isomwe sambamba na sheria ya mahali unapogombea.

Hatua ya kwanza: Ifahamu kazi unayoiomba

Kabla ya kumwambia mtu yeyote kwamba utagombea, hudhuria vikao vya baraza la madiwani, angalau viwili au vitatu, ukiwa msikilizaji tu. Katika nchi nyingi vikao hivyo huwa wazi kwa wananchi, ingawa viti vya wasikilizaji mara nyingi huwa vitupu. Angalia nani anazungumza, nani anasikilizwa, na jambo linapitia wapi kabla ya kupigiwa kura. Utagundua kwamba mengi huwa yameshaamuliwa kwenye kamati, na kwamba kikao kikubwa huja kuyathibitisha.

Kwa kawaida baraza hupitisha bajeti ya halmashauri au manispaa, hutunga sheria ndogo, na husimamia utendaji wa maofisa walioajiriwa. Mambo yaliyo chini yake mara nyingi ni yale yanayomgusa mtu tangu anapotoka nyumbani kwake: uzoaji wa taka, barabara za mitaa, mifereji, taa, masoko, leseni za biashara na vibali vya ujenzi. Polisi, mahakama na kodi za taifa kwa kawaida haziko mikononi mwake. Mgombea anayeahidi kupunguza bei ya mafuta akiwa diwani ama hajui kazi anayoiomba, ama anawadharau anaowaomba.

Tafuta pia nakala ya bajeti ya mwaka huu na ya mwaka uliopita. Huhitaji kuwa mhasibu ili kuisoma. Chagua eneo moja linalogusa kata yako, kwa mfano mifereji, kisha linganisha fedha zilizotengwa na fedha zilizotumika. Pengo kati ya tarakimu hizo mbili linaweza kukupa hoja nzito kuliko hotuba yoyote utakayoandikiwa.

Hatua ya pili: Jua aina ya kiti, kisha umalize fomu mapema

Kuna mabaraza ambayo kila diwani huchaguliwa na kata yake, mengine ambayo madiwani wote huchaguliwa na mji mzima, na mengine ambayo viti hugawanywa kwa orodha za vyama kulingana na uwiano wa kura. Tofauti hiyo huamua karibu kila kitu katika kampeni. Harvey Milk, mwenye duka la kamera katika mji wa San Francisco nchini Marekani, aligombea baraza la mji huo mwaka 1973 na tena mwaka 1975, akashindwa mara zote mbili, kwa sababu mgombea alilazimika kupata kura za mji mzima. Mwaka 1977 viti vilianza kugombewa kwa maeneo, na eneo alilokuwa akiishi na kufahamika likamchagua. Hivyo, ukiwa unafahamika mitaa michache tu na kiti ni cha mji mzima, huenda ukahitaji miaka kadhaa ya kujijenga, au chama chenye mtandao mpana zaidi yako.

Suala la chama nalo huamuliwa mapema. Ziko nchi ambazo mgombea binafsi haruhusiwi, na ziko zinazomruhusu kwa masharti ya idadi fulani ya wadhamini. Ikiwa unapitia chamani, uchaguzi wako wa kwanza ni kura za maoni ndani ya chama, nao una wapiga kura wake, ratiba yake na hila zake. Wapo wagombea walioandaa kampeni nzuri kwa ajili ya kata nzima huku wakisahau kwamba kwanza walipaswa kuwashawishi wajumbe wachache wa tawi.

Kuhusu fomu za uteuzi, uwe mkali kwa nafsi yako. Mgombea anaweza kuondolewa kabla ya kura ya kwanza kupigwa kwa sababu jina kwenye fomu linatofautiana na jina kwenye kitambulisho, mdhamini hayumo kwenye daftari la wapiga kura la eneo hilo, mdhamini huyo huyo ameshamdhamini mgombea mwingine, au fomu imefika ofisini dakika kumi baada ya muda kwisha. Fanya hivi: chukua fomu siku ya kwanza zinapotolewa; tafuta wadhamini zaidi ya idadi inayotakiwa, ikiwa sheria inaruhusu, ili wawili watatu wakikataliwa usianguke nao; hakiki jina la kila mmoja kwenye daftari kabla hajatia sahihi; kisha mpe mtu asiyeijua fomu hiyo aisome mstari kwa mstari. Irudishe siku kadhaa kabla ya mwisho, udai stakabadhi ya kupokelewa, na ubaki na nakala. Wapinzani wakiweka pingamizi, muda wa kujibu huwa mfupi sana, na nyaraka ulizozitunza ndizo zitakazokutetea.

Uliza vilevile kama kazi yako ya sasa inakuzuia kugombea. Watumishi wa umma mara nyingi hutakiwa kujiuzulu au kuchukua likizo, na watu wenye mikataba ya biashara na halmashauri huweza kuwekewa masharti.

Hatua ya tatu: Piga hesabu ya kura unazohitaji

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, nayo ndiyo inayotenganisha kampeni na matumaini. Omba katika ofisi ya uchaguzi matokeo ya chaguzi mbili au tatu zilizopita katika kata yako, kituo kwa kituo, pamoja na idadi ya waliojiandikisha na ya waliojitokeza. Usitumie matokeo ya urais kukadiria ya udiwani, hasa pale ambapo chaguzi hizo hufanyika siku tofauti, kwani watu wanaojitokeza kwa ajili ya udiwani peke yake huwa wachache zaidi.

Chukua mfano wa kubuni. Kata ina wapiga kura 6,000, na uchaguzi uliopita walijitokeza asilimia 45, yaani watu 2,700. Wagombea walikuwa wanne na mshindi alipata kura 1,050. Ili uwe salama, jiwekee lengo la kura 1,200. Sasa jiulize kwa ukweli ni kura ngapi zitakuja bila kuombwa sana, kutokana na chama chako, ukoo, kazi yako na watu wanaokufahamu. Tuseme ni 500. Zimebaki 700, nazo hazitakuja zenyewe.

Si kila anayekuahidi kura atafika kituoni. Ukikadiria kwamba kati ya watano wanaoahidi wanafika wanne, unahitaji ahadi 875. Si kila utakayezungumza naye ataahidi pia. Ikiwa mmoja kati ya watatu ndiye atakayekubali, unahitaji mazungumzo 2,625. Jozi moja ya watu wa kujitolea wanaozungumza na watu kumi kwa saa itahitaji zaidi ya saa 262. Jozi sita zinazofanya kazi saa tatu Jumamosi na saa tatu Jumapili zinakupa saa 36 kila mwisho wa juma, kwa hiyo kazi hiyo itakwisha katika majuma manane. Kama muda wa kampeni uliowekwa na sheria ni majuma manne, basi unahitaji jozi kumi na mbili, au unahitaji kukubali kwamba lengo lako halifikiki.

Makadirio yako yatakuwa tofauti na haya, na baada ya juma la kwanza utayarekebisha kwa kuangalia yaliyotokea. Ila mgombea aliyeandika tarakimu zake kwenye karatasi hawezi kudanganywa na umati uliojaa mkutanoni. Nusu ya umati huo huenda wanatoka kata ya jirani, na watoto hawapigi kura.

Hatua ya nne: Watu wachache, kila mmoja na kazi yake

Kampeni ya udiwani inahitaji watu wanne au watano wa kuaminika kuliko kamati ya watu thelathini. Awepo meneja anayeshika ratiba na mwenye ruhusa ya kumkatalia mgombea. Mgombea hawezi kuwa meneja wake mwenyewe, kwa sababu atakuwa barabarani. Awepo mweka hazina. Awepo mtu wa orodha, anayetunza majina na majibu ya wapiga kura kwenye daftari au kwenye kompyuta kila jioni. Awepo mratibu wa watu wa kujitolea, ambaye kazi yake kubwa ni kuwakumbusha, kuwashukuru na kuhakikisha hakuna anayekaa bila kupewa kazi. Mwanasheria si lazima awe wa kudumu, ila namba yake ya simu iwepo.

Hatua ya tano: Fedha

Fungua akaunti ya benki ya kampeni peke yake, hata kama sheria hailazimishi, na kila kinachoingia na kutoka kipite humo kwa risiti. Mweka hazina asiwe mtu anayekuogopa. Soma viwango vya juu vya matumizi na masharti ya michango: nani haruhusiwi kuchangia, mchango wa kiasi gani lazima utangazwe, na kama gari au jengo ulilopewa bure linahesabiwa kama mchango. Katika nchi nyingi linahesabiwa.

Kuomba fedha huwatia wengi haya. Anza na orodha ya watu mia moja unaowafahamu, uwapigie mmoja mmoja, utaje kiasi mahsusi na matumizi yake: fedha ya kuchapisha vipeperushi elfu moja, au ya nauli za mawakala siku ya kupiga kura. Mtu aliyechangia hata kidogo atazungumza juu yako nyumbani kwake. Tenga mapema fedha za siku tatu za mwisho na usiziguse, kwa sababu kampeni nyingi hukauka wakati huo huo ambao mawakala wanahitaji chakula na usafiri.

Utaombwa pia utoe chochote. Kununua kura ni kosa linaloweza kubatilisha ushindi wako. Hata nje ya sheria ni biashara mbaya, kwa maana aliyepokea kwako asubuhi anaweza kupokea kwa mwenzako jioni, na hakuna risiti. Amua jibu lako kabla hujaulizwa, na uwafundishe watu wako walitoe kwa upole ule ule.

Hatua ya sita: Hoja moja inayoweza kukaguliwa

Andika kwa sentensi mbili au tatu kwa nini unagombea. Kama sentensi hizo zingeweza kusemwa na mgombea yeyote wa kata yoyote, zifute uanze upya. “Nitaleta maendeleo” haimwambii mtu kitu. Linganisha na hii: “Mfereji wa barabara yetu umeziba kwa misimu miwili, fedha za kuuzibua zilitengwa kwenye bajeti na hazikutumika, nitadai maelezo kwenye kikao cha kwanza na nitawaletea majibu hapa.” Hoja ya pili ina tatizo linaloonekana, ina ushahidi, iko ndani ya uwezo wa baraza, na inaahidi kitendo ambacho diwani mmoja anaweza kukitenda. Diwani ana kura moja tu barazani. Anaweza kuahidi kuuliza, kupendekeza, kufuatilia na kutoa taarifa. Hawezi kuahidi peke yake kwamba barabara itajengwa.

Mambo mengine mawili au matatu yanaweza kuifuata hoja hiyo kuu, lakini mpiga kura atakumbuka moja. Meneja wako ahakikishe ndiyo hiyo.

Hatua ya saba: Uzinduzi

Kwanza zungumza na familia yako, kwa undani, kuhusu muda, fedha na maneno yatakayosemwa. Kisha, kabla ya tangazo lolote la hadhara, nenda kwa watu thelathini hivi wenye kuheshimiwa katani, walimu, viongozi wa dini, wa vikundi vya akina mama, wa vijana, wa wafanyabiashara wadogo, umweleze kila mmoja nia yako na umwombe ushauri. Mzee aliyesikia habari zako sokoni wakati alistahili kuzisikia kutoka kwako ni vigumu kumrudisha. Hakikisha pia kwamba sheria inaruhusu kujitangaza wakati huo, maana mahali pengi kampeni zina siku ya kuanza na kuanza mapema ni kosa.

Mkutano wenyewe wa uzinduzi uwe mfupi. Ufanyie karibu na tatizo unalolizungumzia ikiwa kuna nafasi na kibali. Mzungumzaji wa kwanza awe mkazi wa kawaida anayelijua tatizo hilo, kisha wewe uzungumze kwa dakika kumi. Mlangoni na kila pembeni wawepo watu wenye daftari wanaoandika majina, mitaa na simu za walio tayari kujitolea, kwa sababu mavuno halisi ya uzinduzi ni orodha hiyo, na kila aliyeandikwa apigiwe simu ndani ya siku mbili. Picha na makofi ni vya siku hiyo tu.

Hatua ya nane: Mlango kwa mlango

Mwaka 1998 watafiti wawili, Alan Gerber na Donald Green, walifanya jaribio kwa wapiga kura wapatao 30,000 katika mji wa New Haven, Marekani. Waliotembelewa ana kwa ana walijitokeza kupiga kura kwa kiwango kilichoongezeka wazi. Barua ziliongeza kidogo. Simu hazikuongeza kitu. Jaribio hilo lilipima kujitokeza, halikupima kubadili msimamo wa mtu, na mji huo si kata yako. Hata hivyo linaeleza vizuri kwa nini saa za watu wako zipelekwe milangoni kwanza.

Thomas O'Neill, aliyekuja kuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani kati ya 1977 na 1987, alishindwa uchaguzi mmoja tu maishani, nao ulikuwa wa kwanza: udiwani wa mji wa Cambridge, mwaka 1935, akiwa bado mwanafunzi wa chuo. Baadaye alisimulia jinsi jirani yake wa miaka mingi alivyomwambia kwamba angempigia kura ingawa hakumwomba. Kijana huyo alidhani kwamba jirani hahitaji kuombwa. Jirani akamweleza kuwa watu hupenda kuombwa. Basi anza na mtaa wako mwenyewe, na jirani zako uwaendee kwa heshima ile ile unayompa mgeni.

Mlangoni, salamu zitangulie kwa ukamilifu wake, kisha jitambulishe kwa jina na kiti unachogombea. Uliza swali moja la wazi: ni jambo gani katika mtaa huu lingepaswa kushughulikiwa kwanza? Nyamaza usikilize. Baada ya hapo eleza hoja yako kwa nusu dakika, ukiiunganisha na alichokisema ikiwa kweli inaungana, na umalizie kwa ombi la waziwazi: “Ninaomba kura yako.” Wengi huzunguka wasilitamke neno hilo, wakaaga kwa kuacha kipeperushi. Lote lisizidi dakika tano.

Mkitoka, kabla ya mlango unaofuata, andikeni jibu kwa alama: 1 kwa aliyeahidi, 2 kwa anayeelekea kukubali, 3 kwa asiyeamua, 4 kwa aliye upande mwingine. Mwenye 2 na 3 arudiwe na mgombea mwenyewe. Mwenye 4 ashukuriwe na asisumbuliwe tena. Kubishana naye ni kupoteza milango mitatu. Tembeeni wawili wawili, msiende usiku, msiingie ndani ya nyumba ya mtu msiyemjua, na orodha ya majibu isionyeshwe kwa mtu yeyote nje ya timu, kwani siri ya kura ya mtu huanza hapo.

Mitandao ya kijamii na makundi ya WhatsApp ya mitaa yanafaa kutangaza ratiba, kujibu maswali na kuonyesha kazi inayofanyika, ila hayahesabiwi kama ahadi. Uvumi ukizuka, jibu mara moja kwa maandishi mafupi yenye ushahidi, kisha rudi kwenye hoja yako. Mabango yanasaidia jina lako kuzoeleka, basi.

Hatua ya tisa: Siku za mwisho na siku yenyewe

Siku tatu za mwisho hazitumiki kushawishi watu wapya. Orodha ya walioandikwa 1 na 2 ndiyo inayofanyiwa kazi: kila mmoja akumbushwe kituo chake, saa za kufunguliwa na kufungwa, na kitambulisho anachotakiwa kubeba. Angalieni sheria inasemaje kuhusu kusafirisha wapiga kura, kuvaa sare za mgombea na kukaa karibu na vituo.

Kila kituo kiwe na wakala aliyeapishwa au kusajiliwa kwa utaratibu unaotakiwa, anayejua kusoma fomu ya matokeo, mwenye simu iliyochajiwa, maji na chakula, na mwenzake wa kumpokea pale sheria inapokubali. Mfundishe mambo machache: kushuhudia sanduku likiwa tupu asubuhi, kuandika saa na tukio pale jambo lisilo la kawaida linapotokea, kutoa malalamiko kwa maandishi kwa msimamizi bila kugombana, na kutoondoka kabla ya kuhesabu kwisha. Asisaini fomu yenye nafasi tupu, na asitoke bila nakala.

Tofauti ndogo katika kata moja inaweza kuamua hatima ya baraza zima. Mei 2017, katika kaunti ya Northumberland nchini Uingereza, wagombea wawili wa kiti cha South Blyth walipata kura sawa hata baada ya kura kuhesabiwa upya, mshindi akapatikana kwa kuchomoa vijiti, na kwa matokeo hayo chama cha Conservative kikakosa wingi wa viti barazani kwa kiti kimoja. Kwa hiyo mtu wa orodha akae mahali palipotulia, apokee tarakimu za kila kituo, azijumlishe mwenyewe na kuzilinganisha na zitakazotangazwa. Zikitofautiana, omba kuhesabiwa upya hapo hapo ikiwa sheria inatoa nafasi hiyo, kwa sababu muda wa kufanya hivyo mara nyingi hukoma mara tu mshindi anapotangazwa, na baada ya hapo hubaki njia ya mahakama, yenye gharama na tarehe zake za mwisho.

Zikilingana, kwa ushindi au kwa kushindwa, kazi zilizobaki ni za siku chache: kuwapigia simu mawakala na watu wa kujitolea, kuondoa mabango, kulipa madeni ya wachapishaji, na kuwasilisha taarifa ya mapato na matumizi ndani ya muda uliowekwa. Mara nyingi taarifa hiyo hudaiwa hata kwa aliyeshindwa, na asiyeiwasilisha anaweza kuzuiwa kugombea uchaguzi unaofuata.